Chama Imekuja Kuona Mgonjwa

Hapana Linet, usiniambie "si ungesema tu hauna pesa." Kila mtu kwa hii grupu ananiambia hivyo tangu jioni. Mnaongea hivyo juu hamjawahi kukaa kwa chama ya kuchanga pesa hapa Lubao. Pale pesa haitumwi kimyakimya. Mnaketi, meza iko katikati, unaitwa jina, unasimama, unaweka noti yako hapo wote wakiona, unapigiwa makofi. Sasa ikifika jina lako na mkono uko mtupu, makofi hakuna. Kuna tu kimya, ile yenye unasikia mpaka nzi ikijikuna. Wewe simama hapo Linet, useme "sina." Nikuone.

Kwa hivyo ndio, nilidanganya. Na ndio, leo nimeaibika mpaka uso imebadilika rangi. (Sitanii. Imebadilika kweli. Ngojeni mfike hapo.)

Wacha nianze mwanzo. Na msiruke.

Mnajua mimi nasukanga kwa saluni ya wenyewe hapa soko. Shule zikikaribia kufunga nilikopa kwa simu ninunue nywele za rangi, juu wasichana wangekuja kusukwa. Wasichana hawakuja. (Walienda kwa yule mwingine mwenye ana kioo kubwa.) Mkopo ikafika siku yake. Nikakopa mahali pengine nilipe ile ya kwanza. Halafu nikakopa tena nilipe ile ya pili. Mnacheka? Na vile nilipata B ya hesabu!

Siku hizi wananipigia kabla hata jogoo haijaamka. Ni dada mmoja na sauti laini kama ya mtu wa kwaya, anauliza tu, "Tutarajie lini?" Simu ikitetemeka, naigeuza nafinya kando inyamaze. Silali. Nikilala naota nikitafuta chenji. Wiki hii nimesuka mteja, mstari ikaenda ikaenda, ikapinda kwa sikio. Mteja akauliza hiyo ni staili gani. Nikamwambia ni mpya.

Kitu yenye ilikuwa imebaki ya kunishikilia ni chama. Yetu inaitwa Tuinuane. Mwezi ujao ilikuwa zamu yangu kupewa, yote, mzima mzima. Ningelipa hao watu wa simu nirudi kuwa mtu. Lakini sheria iko hivi: ukikosa kutoa bila sababu, zamu yako inapelekwa nyuma ya kila mtu. Na sababu zenye zinakubaliwa ni mbili tu. Matanga na ugonjwa.

Sikuwa na mtu wa kuzika.

Leo asubuhi, siku ya kutoa, nikaandikia Mama Fridah, mwenyekiti wetu, yule anauzanga omena, zile dagaa, hapo soko: "Mama, malaria imenishika vibaya sana. Hata kuketi siwezi. Nitatoa wiki ijayo. Mniombee."

Akajibu hapo hapo: "Woiye mtoto wangu. Lala."

Nikasikia kama mtu amenitua gunia ya mahindi kwa mgongo. Hata nilitabasamu.

Kumbe kuna kitu nimesahau. Chama yetu ikisikia memba ni mgonjwa, haitumi tu pole kwa simu. Inakuja. Inabeba sukari, inabeba mkate, inabeba kuku. Na hiyo sheria ni nani aliipendekeza, amesimama, kidole juu, akisema "upendo bila miguu si upendo"?

(Tuendelee.)

Sasa mimi niko kwa nyumba, nimejipa siku ya kupumzika. Nikakumbuka video moja nilikuwa nimeona. Kuna kijana wa meno safi anafundishanga watu kupunguza stresi ya pesa. Anasema stresi haikai kwa mfuko, inakaa kwa mwili, na lazima uifukuze. Kwanza, weka simu mahali hutaisikia. Pili, paka uso kitu ya kupoesha, parachichi na asali. Tatu, weka muziki, utikise mwili yote, na hiyo kitu inakusumbua uiambie itoke. Kwa sauti! Yeye alikuwa anafanya hayo yote kando ya maji ya kuogelea. Mimi niko na karai.

Lakini nikasema leo ni leo.

Simu nikaizima, nikaifunga kwa kitambaa, nikaizika ndani ya debe ya unga. Parachichi si shida, mti ya ploti yetu inaangushanga kwa mabati usiku kucha kama mtu anarusha mawe. Nikaponda moja. Asali sikuwa nayo. Nikaangalia kwa rafu nikaona ile unga ya njano ya kuweka kwa mchuzi. Nikajiambia, asali si ni njano? Njano ni njano. Nikamwaga. (B ya hesabu. Sayansi msiniulize.)

Nikapaka uso yote mpaka shingo. Nikavua rinda nikabaki na petikoti na leso. Nikafungua redio, nikapata stesheni inapiga isikuti, ile ngoma yetu ya Waluhya, nikaongeza mpaka mwisho.

Nikaanza polepole, mabega tu. Unajua isikuti haikubali mabega tu. Kidogo kidogo nikaingia. Nikatikisa kichwa, nikatikisa kiuno, nikakanyaga hiyo simiti mpaka sufuria zikaanza kuitika. Halafu nikakumbuka ile ya tatu, ya kuambia kitu itoke.

"Toka!" nikasema. Ikatoka sauti ndogo. Nikajaribu tena.

"Tokaaa! Toka kwa mwili yangu! Umeninyonya damu imetosha! Leo sikulipi! Umesikia? SIKULIPI!"

Na niwaambie ukweli, ilikuwa inasaidia. Msinicheke. Kifua ilifunguka. Nilikuwa nalia na nacheka pamoja, jasho inatiririka, na kwa mara ya kwanza siku mingi sikuwa nafikiria yule dada wa sauti laini.

Ni hapo mlango ilifunguka.

(Mlango yangu inafungwa na msumari imekunjwa. Mtu akisukuma na kiuno kidogo tu, imeingia.)

Walikuwa watatu. Mbele Mama Fridah na pakiti ya sukari. Nyuma yake Kukhu Tabitha na mkate. Huyo ndiye mzee wetu kwa chama, sisi wote tunamwita Kukhu, nyanya. Na wa mwisho Nekesa, mweka hazina, rika yangu, mdomo kama wembe, amebana kuku kwa kwapa. Walikuwa wamenipigia njia yote, simu imezimwa. Wakaogopa. Wakakimbia. Wakafika kwa mlango wakasikia mgonjwa mwenye hawezi kuketi anapiga nduru akifukuza kitu.

Mimi nilikuwa nimewapa mgongo, nikitikisa. Nikageuka.

"Yesu," Nekesa akasema.

Sukari ya Mama Fridah ikaanguka. Kuku ikapiga kelele. Kukhu Tabitha akashika kichwa na mikono yote mbili.

"Maralia imepanda kwa akili!"

Hapo mtu mwenye akili timamu angesema, "Karibuni, nilikuwa nafanya mazoezi." Ni maneno machache tu. Mimi nilifanya nini? Nilizirai.

Nilizirai vizuri, hiyo mtanipea. Nilifunga macho, nikaachilia magoti, nikaanguka kwa kitanda. Tu kichwa ikapita kitanda ikagonga ukuta. Nikanyamaza nayo hivyo.

Mama Fridah akanishika shingo. "Anachemka! Ona jasho! Mtoto anaisha!"

Kukhu alikuwa ameshaanza kuomba kwa Kiluhya, si ile ya kanisa, ile ya kuita majina ya watu walishakufa.

"Na hii ya kijani kwa uso ni nini?" Mama Fridah akauliza.

"Ni nyongo," Kukhu akasema. "Nyongo imepasuka, inatokea kwa ngozi."

Nikasikia Nekesa ameinama. Amenusa. "Mbona inanuka parachichi?"

"Nyongo ya mgonjwa inanuka vile inataka!"

Mama Fridah akachukua ncha ya leso akapangusa shavu. Akaiangalia hiyo leso. Halafu nduru.

"Njano! Huku chini amekuwa njano!"

Nataka mjue nilifikiria kuamka. Nilifikiria sana. Lakini ukishazirai, kuamka kwake inakuwanga na maelezo, na mimi maelezo sikuwa nayo. Nikaona afadhali nipone polepole, kwa njia ya heshima.

Wakaita boda. Akaja Shisia, huyo kijana wa stage yenye iko kwa kona.

"Si huyu ni Muhonja wa saluni? Amekufa?"

"Washa pikipiki!" Mama Fridah akamwambia.

"Nauliza tu, Mama. Juu maiti iko na bei yake."

Nikapandishwa katikati, Mama Fridah nyuma amenikumbatia kama gunia, kichwa yangu imelalia mgongo wa Shisia. (Jaketi yake mpaka saa hii iko na parachichi.) Boda ya pili ikabeba Kukhu, Nekesa na kuku. Nilimsikia Nekesa akiuliza kuku inaenda wapi, Kukhu akamwambia haiwezi kuachwa kwa nyumba haina mtu.

Na leo ilikuwa siku ya soko. Siku ya ng'ombe! Tukafika pale katikati, ng'ombe wakajaza barabara, Shisia akasimama. Watu wakatukaribia. Unajua watu wa soko, wanaacha mpaka ng'ombe wao waje waone.

"Ni nini?"

"Ni maralia!" Kukhu akawaambia kwa boda ya nyuma, machozi inamtoka. "Imepanda kwa akili! Ameanza kufukuza mashetani!"

"Haki, si ndiye alinisuka?" Hiyo sauti niliijua. Ni yule mteja wa mstari ya kwenda kwa sikio. "Mnaona? Mnaona hii kichwa? Hata siku hiyo niliona huyu msichana hayuko sawa!"

Nikafunga macho zaidi. Sikujua macho inaweza kufungwa zaidi. Inaweza.

Dispensari ilikuwa imejaa. Foleni ikafunguka yenyewe, "pisheni mgonjwa wa kichwa," nikalazwa kwa kitanda kando ya mlango, mlango wazi, benchi yote inaniangalia kama televisheni. Daktari ni kijana mpole. Akanidunga kidole akachukua damu. Nikavumilia. Tukangoja. Akarudi.

"Hana malaria."

"Pima tena," Kukhu akamwambia. "Labda imejificha."

"Haijifichi hivyo, Kukhu." Akanifungua jicho moja na kidole. Tukaangaliana. Nadhani hapo alianza kushuku, lakini alikuwa mtu wa kazi yake. "Sasa mnasema alikuwa anaongea na watu hawaonekani? Halafu akaanguka? Basi sitabahatisha. Apelekwe hospitali kubwa Kakamega, wapime maji ya uti wa mgongo."

"Inapimwa aje?" Mama Fridah akauliza.

"Sindano. Kwa mgongo."

(Mguu yangu ya kushoto ilitaka kuondoka peke yake. Nikaizuia.)

Bado sikusema. Ninyi ndio mnajua kuongea. Nilikuwa nahesabu kwamba tukifika njiani nitafungua macho, niseme "niko wapi?", niombe maji, nipone, watu wamshukuru Mungu, iishe.

"Hapa gari hakuna leo," daktari akasema. "Itabidi mkodi."

Mama Fridah hata hakufikiria. "Nekesa, toa pesa."

"Pesa gani?"

"Ya leo. Yenye tumetoa kwa meza."

Nekesa akashika mkoba. Halafu akasema polepole, na si kwa ule mdomo wake wa kawaida, "Mama, hiyo ni ya Kukhu. Leo ni zamu yake. Ni ya bati."

Hapo ndio nilijua nimekufa kweli.

Kila mtu Lubao anajua nyumba ya Kukhu Tabitha. Bati yake imeoza mpaka unaona mbingu. Mvua ikinyesha anaweka sufuria kila mahali, halafu analala ameketi, kwa kona moja yenye bado ni kavu. Amengoja zamu yake kama mtu anangoja harusi. Alikuwa ameshaongea na fundi. Fundi alikuwa ameshapima.

Nikangoja Kukhu aseme kitu. Aseme hapana. Nilimwomba Mungu aseme hapana.

"Toa," Kukhu akasema.

"Lakini Kukhu..."

"Nimesema toa. Bati iko dukani, haiendi mahali. Huyu mtoto ndiye anaenda."

Nikasikia Nekesa anafungua zipu ya mkoba.

"MSITOE!"

Nilikaa kwa kitanda wima kama mtu wa ufufuo. Mama mmoja kwa benchi akapiga nduru. Na maneno ikatoka yote pamoja, siwezi kuirudisha.

"Msitoe pesa ya Kukhu! Mimi si mgonjwa! Sina malaria! Sina pesa ya chama! Nimekopa kwa simu, nikakopa ya kulipa ile nilikopa, wananipigia kila asubuhi, silali! Sikutaka zamu yangu irudishwe nyuma! Hii si nyongo, ni parachichi! Nilikuwa nacheza isikuti!"

Kimya.

Kimya ya benchi mzima. Hata watoto.

Mzee mmoja wa mguu umefungwa bendeji akainua kidole, kwa heshima sana. "Na hiyo njano?"

"Ni ya mchuzi," nikasema.

Nekesa ndiye wa kwanza. Aliketi chini, kwa simiti, na kuku yake, akacheka mpaka sauti ikapotea akabaki kutikisika. Halafu benchi yote. Halafu daktari, amegeukia dirisha lakini mabega nimeona. Na Shisia mlangoni, alikuwa anangoja nauli yake, akauliza, "Kwa hivyo nihesabu bei ya mtu mzima?"

Kukhu Tabitha peke yake hakucheka. Alikuja mpaka kwa kitanda. Nikajua ni kofi, nikafunga macho tena, maana kwa kufunga macho sasa nimekuwa mtaalamu. Akanishika kidevu. Akapitisha kidole kwa shavu yangu. Nikafungua jicho moja nikaona ameweka hiyo kidole kwa mdomo.

"Ni parachichi," akaambia Mama Fridah. Halafu akaniangalia. "Umenifanya nilie mbele ya ng'ombe."

"Nisamehe, Kukhu."

"Nimeita mpaka marehemu mume wangu akuombee. Na yeye hapendangi kusumbuliwa."

"Nisamehe."

"Tulikuwa tukukule sisi, omwana wanje, mtoto wangu? Ungesema, tungekukula?"

Nikalia sasa, si ile ya kucheza. Ile mbaya, ya makamasi, na njano inashuka kwa leso. Kukhu akaketi kando yangu kwa kitanda, hakuniambia ninyamaze. Alikaa tu, akishika goti yangu, kama mtu anashikilia mbuzi isitoroke.

Daktari akanipima presha. "Iko juu kwa mtu wa umri yako. Unasema hulali?"

"Silali."

"Unakula?"

"Chai."

"Basi mgonjwa uko," akasema. "Ila si wa malaria. Na hii sina dawa yake kwa hii kabati. Ukiendelea kukimbia simu, itapanda zaidi. Ongea na hao watu, na usiongee nao peke yako."

"Nilisema ni mgonjwa!" Kukhu akaambia benchi yote. "Nilisema au sikusema?"

Hapo simu ikalia.

Watu wote wakaniangalia mimi. Nikainua mikono, yangu iko kwa unga. Ilikuwa ya Nekesa. Akaiangalia. Akaigeuza, akafinya ile kidude ya kando inyamaze. Ikalia tena. Akafinya tena, haraka, bila kuangalia.

Jamani, hiyo kidole naijua. Nimeifanya asubuhi ngapi!

"Ni nani?" Mama Fridah akamuuliza.

"Ni namba sijui."

Akainua macho akakuta yangu. Cheko yote ilikuwa imemtoka kwa uso. Alisimama tu, akampea Mama Fridah kuku, akavua sweta yake akanifunika mabega, juu mnakumbuka mimi bado niko na petikoti mbele ya watu.

Kurudi tulirudi na miguu. Ubishi ilikuwa ya kuku. Mama Fridah alitaka irudi kwake, juu ni yake, aliitolea mgonjwa, na mgonjwa hakuna. Kukhu akakataa kabisa. "Ingokho ya mgonjwa hairudi nyumba ilitoka. Ni mkosi. Na daktari amesema huyu ni mgonjwa, mlisikia wote."

Kwa hivyo ikachinjwa kwangu, na aliyeambiwa aing'oe manyoya mnamjua. Mama Fridah akasema atasonga obusuma. Akaingiza kikombe kwa debe ya unga, ikakwama. Akatoa kitambaa. Akafungua. Akaangalia hiyo simu, akaniangalia.

"Muhonja. Hata ugali yako inadaiwa?"

Tukacheka sasa sisi wote, mpaka mimi. Imondo, ile firigisi ya kuku, alikula Kukhu. Kwa kawaida ni ya mwanamume, lakini Kukhu akauliza mwanamume ako wapi, tukatafuta, hakuna, akameza.

Tukishakula Mama Fridah akapangusa mikono, akageuka kuwa mwenyekiti.

"Zamu yako inaenda nyuma. Usiniangalie hivyo. Nikikuachia wewe, mwezi ujao chama mzima itakuwa na malaria."

Nilijua. Lakini kusikia ni kitu ingine. Ile pesa yote nilikuwa nimeilalia kama mto. Haiko. Nilikunywa maji nisilie tena.

"Lakini hao watu wa simu hata ungewalipa na zamu, ungekopa tena kesho yake, juu bado unawaogopa," akaendelea. "Mimi kuna mtu alinipea omena nikashindwa kumlipa. Nilimkimbia! Nikimwona kofia tu naingia kwa choo ya soko. Siku moja akanipata huko huko nikitoka. Nikamwambia, sina, nitakupea kidogo kidogo. Unajua alisema nini? Alisema, 'Sasa si ungesema, nimechoka kukufuata.' Kesho uje kwa meza yangu mapema. Uje na hiyo simu. Utaongea nao mmoja mmoja nikiwa hapo, uwaambie kila wiki unaweza kutoa ngapi, na usiseme ya kuringa. Useme ya ukweli. Halafu hizo app za kukopa kwa simu yako tunafuta zote."

"Nikishindwa kuongea?"

"Nitakufinya."

Kukhu akaenda na pesa yake ya bati kwa kifua. Nilimsindikiza mpaka barabarani. Aliniambia fundi akianza nitakuja kumshikia ngazi, hiyo ndiyo faini yangu, na nije na uso safi nisimtishe fundi. Kuhusu hiyo uso, nimesugua na sabuni ya kufua, nimesugua na ndimu, nimesugua na majivu. Njano iko pale pale.

Nekesa alibaki nyuma akijifanya anatafuta sweta yake, na sweta iko kwangu, anaiona. Akaangalia mlango. Akauliza kwa sauti ya chini,

"Kesho unaenda kwa Mama Fridah saa ngapi?"

"Mapema. Kabla soko ijae."

Akafunga zipu ya mkoba, akafungua, akafunga.

"Unipitie," akasema, akatoka mbio.

Kwa hivyo Linet, umeuliza sasa nitafanya nini, ni hii. Kesho asubuhi nitaamka, nitapitia Nekesa, sitamuuliza swali hata moja, tutaenda tuketi kwa benchi nyuma ya meza ya omena. Nitatoa simu. Na sitangoja inipigie. Nitapiga mimi, wa kwanza, niseme jina langu yote na niseme siku yenye nitatoa na kiasi chenye niko nacho. Sauti ikitaka kutetemeka, itetemeke.

Na ninyi mkipita hapo mtuone, nunueni omena ya Mama Fridah mwende. Kucheka mtacheka mkifika kwenu.